Hema la Mtu Mmoja

Mwalimu Klementina aliwaaga majirani kwamba anakwenda Mwanza kupima macho. Macho aliyapima kweli, asubuhi, kwa sababu katika miaka thelathini na minne ya ualimu alikuwa amewaadhibu watoto wengi kwa kosa la uongo, na hakuweza kuusema mwenyewe bila kuupa nguzo ya kuegemea. Mchana ndipo alipokwenda alikokuwa akienda tangu mwanzo: dukani kwa Elia.

Elia aliwahi kuwa mwanafunzi wake Bariadi. Siku hizi aliuza vifaa vya watalii vilivyokwisha kutumika: mabuti, mifuko ya kulalia, majiko madogo ya gesi, mahema, fimbo za kuvulia samaki.

"Shikamoo, Mwalimu! Leo umepotea njia?"

"Marahaba. Sijapotea. Nataka hema."

"La shule?"

"La kwangu."

Elia alishusha hema la watu wawili, akalisifu: refu, madirisha mawili, mtu anaweza kuketi na kuvaa viatu. Klementina alilinyanyua, akalirudisha. Lilikuwa zito, na nguzo zake zilitaka mikono minne.

"Yule aliyekuwa akishika upande wa pili hayupo," alisema.

"Pole, Mwalimu. Lakini chukua hilihili, nafasi inayobaki utaweka mizigo."

Nafasi inayobaki ndiyo hasa aliyokuwa akiikimbia. Tangu mumewe Salvatory afariki, alikuwa akilala ukingoni mwa kitanda kipana kama mtu aliyekaribishwa.

"Nionyeshe la mtu mmoja."

Yalikuwepo mawili, madogo, ya mviringo, mepesi kama kikapu cha vitunguu. Moja la rangi ya chungwa, jingine la kahawia kama nyasi za Julai. Elia alimshauri achukue la chungwa, kwamba mtu akiwa peke yake ni vizuri aonekane kwa mbali. Klementina alichukua la kahawia, kwa sababu hiyohiyo ya kuonekana. Akachagua na fimbo fupi inayochomolewa vipande vinne ikaingia begini, rili moja ya kukunjia mshipi, ndoano za sato, mfuko wa kulalia, na jiko la kuchemshia chai ya kikombe kimoja. Vyote viliingia katika begi la mgongoni ambalo aliweza kulibeba bila kuomba msaada wa mtu.

"Ujaribu kulisimamisha nyumbani kwanza," Elia alimwambia. "Usije ukahangaika nalo huko ziwani."

Ushauri ulikuwa mzuri, na ndio uliomponza.

Mumewe, Salvatory Luhaga, alikuwa bwana shamba. Kwa miaka kumi na mmoja, kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mume na mke walishuka Lamadi, kwa mama mmoja aitwaye Milembe, mwenye uwanja wa nyasi kando ya ziwa, wenye uzio na mlinzi. Walisimamisha hema, wakavua kutoka ufukweni hadi Jumapili alfajiri, kisha wakawahi misa ya pili. Salvatory alizoea kuwabembeleza samaki kwa Kisukuma. Klementina alisahihisha madaftari, jicho moja kwenye mshipi. Bariadi walichekwa. "Wasomi hawa wana nyumba ya bati, wanakwenda kulala nje kama wachunga ng'ombe!" Lakini kilikuwa kicheko kisichochoma. Mke aliyefuatana na mumewe hata porini ana heshima yake.

Siku ya kuondoa matanga, vitu vya marehemu vilitandazwa mkekani kama desturi inavyotaka, kila ndugu akachukua chake. Bujiku, mdogo wa marehemu, mkulima wa pamba kule Dutwa, alichukua hema. Sasa lilifunika pamba yake isipigwe na umande. Fimbo za kuvulia zilikwenda kwa mpwa wa Lagangabilili, ambaye alizitumia kuangulia mapapai. Klementina aliviona vikiondoka kimoja kimoja, akafumba mdomo. Mjane anayegombania vitu huonekana alikuwa akisubiri kifo. Jina la Luhaga lilikuwa halijawahi kutajwa katika ugomvi wa mkekani, na asingekuwa yeye wa kulianzisha.

Kwa hiyo Alhamisi jioni, jua likiwa bado juu ya miti, alilisimamisha hema jipya uani, nyuma ya nyumba, karibu na ua wa minyaa. Ilimchukua robo saa. Alifurahi hata akacheka peke yake. Kisha akakanda ugali mgumu kidogo, ule wa chambo, aone kama bado anajua kipimo, akauweka kwenye sahani mlangoni mwa hema upoe. Akaingia ndani kuchukua kisu.

Alipotoka, Ng'washi, jirani wa upande wa pili, alikuwa amesimama nyuma ya minyaa na karai la maji kichwani.

"Mwadila, Ng'washi," Klementina alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu," Ng'washi aliitika, akimwita mama kama kawaida, lakini macho yakiwa kwenye ile sahani. Halafu akaondoka haraka, maji yakimwagika begani.

Ijumaa asubuhi Bujiku alifika kwa pikipiki kutoka Dutwa. Hakuketi. Alipita moja kwa moja hadi uani, akalizunguka hema mara mbili.

"Shemeji, ni kweli basi."

"Nini kweli?"

"Umemjengea kaka kijumba. Bariadi nzima inasema. Kijumba cha masamva, na chakula mlangoni."

Klementina alilitazama hema, na kwa mara ya kwanza akaliona kwa macho ya Ng'washi. Dogo, la mviringo, la rangi ya nyasi, mlango wa kuingia kwa kutambaa, sahani ya ugali kizingitini. Ndivyo vilivyokuwa vijumba ambavyo wazee waliwajengea masamva, mizimu ya ukoo, wakaviwekea unga. Na mwaka wa msiba ulikuwa unakaribia kutimia, wakati ambao watu husema marehemu huja ndotoni kudai.

"Ni hema, Bujiku. La kuvulia samaki."

"La nani?"

"Langu."

"Na utakwenda na nani?"

"Peke yangu."

Bujiku alikaa chini, pale pale kwenye udongo, na suruali yake safi.

"Afadhali lingekuwa la masamva," alisema.

Hakuwa akitania. Jumapili ile, kanisani, yangesomwa matangazo ya mwanawe, Constantine, aliyekuwa apewe ushemasi mwezi uliofuata. Padri angeuliza kama kuna ajuaye kizuizi. Constantine alikuwa amelelewa miaka sita katika nyumba hii hii, akisomeshwa Kilatini na Klementina mezani pale jikoni. Kijumba cha mizimu katika nyumba iliyomlea kilitosha kumfanya mtu mmoja mwenye kinyongo asimame. Na mjane anayekwenda kulala ziwani peke yake? "Nani atakayeamini kwamba yuko peke yake?" Bujiku aliuliza. "Watasema ana mtu Lamadi. Watasema alikuwa naye hata kaka akiwa hai."

Neno hilo lilimchoma Klementina mahali pabaya, kwa sababu alikuwa amekwisha kujiambia mwenyewe kwamba watasema hivyo.

"Jumuiya inasali hapa kwako kesho," Bujiku aliendelea, sauti sasa ya kubembeleza. "Wataliulizia. Sema ni banda la vifaranga. Basi. Kisha nitalichukua niende nalo Dutwa, na habari itakufa. Shemeji, nakuomba. Ni kwa ajili ya jina."

Usiku ule Klementina hakulala vizuri. Wala hakulishusha hema, maana kulishusha gizani kungekuwa kukiri.

Jumamosi saa moja na nusu asubuhi jumuiya ilijaa sebuleni, watu kumi na wanane, wengi kuliko siku zote. Walisali rozari kwa haraka isiyo ya kawaida. Baada ya wimbo wa mwisho hakuna aliyeinuka. Esteria, mwenyekiti wa jumuiya, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, alisafisha koo.

"Mwalimu, sisi ni ndugu. Kuna kitu uani. Tungependa utuambie wewe, kuliko kuambiwa na barabara."

Bujiku, kwenye kiti cha pembeni, alimkazia macho shemeji yake, midomo ikitamka bila sauti: vifaranga.

Klementina alisimama. Neno lilikuwa tayari ulimini, jepesi, na kila mtu pale angelipokea kwa shukrani. Alimfikiria Constantine. Akafikiria kwamba Bujiku angeondoka na hema hili pia, kama alivyoondoka na lile, naye angesimama tena na mdomo uliofumbwa, akiita kule kufumba heshima.

"Twendeni mkalione," alisema.

Walimfuata wote. Mbele ya hema alivua viatu. Alikuwa na miaka sitini na moja, amevaa kitenge cha misa. Alipiga magoti, akatambaa kwa mikono na magoti mbele ya watu kumi na wanane, watatu kati yao aliwahi kuwafundisha kusoma. Akaingia mzima. Nje alisikia mtu akikohoa kuzuia kicheko. Akatoka na fimbo, rili na kopo la ndoano, akaviweka juu ya nyasi.

"Hakuna kitu kingine humo. Ingia, Ng'washi, ukague."

"Mimi? Nikikwama humo mtanitoa kwa ng'ombe wa kukokota plau!"

Walicheka, lakini Ng'washi hakuwa amemaliza. "Na ule ugali, mayu?"

"Wa sato. Wanaupenda ukiwa mgumu. Jumatatu nakwenda Lamadi kwa Milembe, pale nilipokuwa nikienda na marehemu. Nitalala siku mbili. Peke yangu. Nawaambia mapema, ili atakayetaka kusimulia asihangaike kutafuta."

Kicheko kilikatika. Mzee Mashimba, aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale, aligonga fimbo yake chini.

"Samaki wa sokoni wamekosa nini, Mwalimu? Nyumba unayo, kitanda unacho. Mwanamke wa Luhaga alale nje kama hana kwao?"

"Mzee wangu, kwangu ninapo, na ndiko nitakakorudi."

"Na ukikutwa na jambo huko?"

"Nitakuwa nimekutwa nalo kwa jina langu, si kwa jina la vifaranga."

Hakuna aliyeelewa maneno hayo isipokuwa Bujiku. Shingo yake ilijaa damu. Esteria aliwatazama wote wawili, akatafakari, kisha akasema kwamba yeye hajui amri ya kanisa inayomkataza mjane kuvua samaki, na chai inapoa. Bujiku hakunywa chai. Mlangoni alimwambia Klementina kwa sauti ya chini, "Ukipanda basi la Lamadi, usiniite tena shemeji," akaiwasha pikipiki yake.

Jumapili matangazo yalisomwa. Padri aliuliza, akanyamaza kama kawaida, na Klementina akahesabu pumzi zake hadi tisa. Benchi moja nyuma lililia. Alikuwa mtoto anayeteremka. Hakuna aliyesimama.

Jumatatu alipanda basi la saa nne asubuhi, wakati barabara imejaa watu, akaketi dirishani na begi magotini. Njia ya Lamadi ni moja tu, nayo hupita Dutwa. Alilijua hilo alipokata tiketi.

Basi liliposimama Dutwa alimwona kabla hajaonwa. Bujiku alikuwa kando ya mizani ya pamba na wanaume sita au saba. Mmoja wao alinyoosha kidole. Bujiku akageuka, akaja hadi chini ya dirisha, na wale wengine wakasogea nyuma yake wapate kusikia.

"Shuka," alisema kwa Kisukuma, polepole.

"Nimekata tiketi ya Lamadi."

"Shuka tuongee nyumbani."

"Nikirudi tutaongea. Jumatano."

Klementina alimwangalia moja kwa moja. Aliona jicho lake likienda kwa wanaume wale, likirudi kwake, likienda kwa abiria waliokwisha kutoa vichwa madirishani. Baba wa shemasi mtarajiwa, akimshusha mjane wa kaka yake kwenye basi mchana kweupe, mbele ya mizani, siku moja baada ya matangazo. Hesabu hiyo Klementina alikuwa ameifanya usiku wa Jumamosi. Sasa alimsubiri Bujiku aimalize.

Konda alipiga bodi. Dereva akakanyaga mafuta.

"Konda!" Bujiku aliita ghafla, kwa sauti kubwa ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Meno yake yalikuwa yamebanana. "Mama huyu ni mke wa marehemu kaka yangu. Mmshushe vizuri pale Lamadi, na mzigo wake mmshikie. Anakwenda kuvua."

"Kuvua samaki?" mwanamume mmoja nyuma yake aliuliza.

"Samaki, ndiyo. Kwa Luhaga tunavua. Wewe una neno?"

Bujiku aliupiga ubavu wa basi kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu, na Klementina hakuweza kujua kama ni kuliruhusu liende au ni hasira yake ilikuwa inatafuta pa kuangukia.

"Asante, shemeji," alimwambia.

Bujiku alisita. Watu walikuwa wakisikiliza.

"Haya, shemeji," aliitika, na basi likaondoka.

Hadi Dutwa ilipopotea nyuma, Klementina alikaa wima kama yuko mbele ya darasa. Ndipo alipolishusha begi miguuni, akaegemea kiti kwa mgongo wote.