Nilipanda Mgeta na sabufa mbili kwenye buti, nikashuka na karoti

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Kabla hujaandika "chai" hapo chini, jua kwamba boksi la sabufa ninaloliongelea lipo mpaka leo sebuleni kwa mjomba wa mchumba wangu huko Mgeta. Asiyeamini nampeleka akalione.

Mimi naishi Moro mjini, nina gari ndogo, IST, na duka la vifaa vya shule. Mwaka huu nikajizawadia sabufa mbili za inchi kumi na mbili na amplifaya yake. Ugonjwa wangu ni bezi, wakuu. Gari ambayo kioo cha nyuma hakitetemeki mimi naiona toroli tu.

Fundi wa kwanza alinifungia waya mwembamba, akauchomeka moja kwa moja kwenye betri, fyuzi hakuna. Nipo maeneo ya Kilakala, naona moshi unatoka chini ya kapeti!

Nilichomoka kwenye ile gari na kiatu kimoja. Kumbe waya umechubuka, umegusa bodi, unaungua.

Nikarudia kazi mwenyewe. Waya mnene, fyuzi shubiri moja tu kutoka kwenye betri, na pa kufunga earth, ule waya wa kurudishia umeme kwenye bodi, nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Hapo ikawa inagonga mpaka meno.

Sasa, Felista wangu ni Mluguru. Kwa msiojua, kwao baba mkwe anaweza kukupenda mpaka akakuchinjia jogoo, lakini mwenye neno ni mjomba, kaka wa mama. Akisema hapana, umekwisha.

Na huyu mjomba alishamrudisha jamaa mmoja kabla yangu, kisa "hana utulivu". Halafu mimi naenda kujitambulisha na gari inayodunda 😂

Kona za mwisho za mlima wa Mgeta nilizima muziki. Sio kwa heshima, kwa woga.

Tukafika kwa mjomba, mimi na Felista, mama yake alishatangulia. Shikamoo mjomba. Marahaba. Akaizunguka gari, akafungua buti.

"Mizigo unaweka wapi, baba?"

"Mjomba, hilo ni boksi la muziki."

"Nina magunia mawili ya karoti yanashuka sokoni leo. Huku gari haishuki tupu."

Wakuu, buti lote ni sabufa! Felista ananikodolea macho, mama yake kashika kiuno. Nikajua mtihani umeshaanza. Nikachukua spana nikalitoa boksi, amplifaya na waya zake, roho inaniuma vibaya sana.

Karoti zikaingia, boksi likabaki uani. Mara manyunyu, tukalikimbizia sebuleni. Mjomba akalitazama weee, akauliza, "Linaimba bila gari?"

Kwenye kona kulikuwa na betri kubwa ya sola. Volti kumi na mbili, sawa na ya gari. Nilitaka kumkumbatia.

Nikapiga magoti nikaanza kuunga, yeye kakaa kwenye kigoda ananisaili. Kwenu wapi? Mama mzima? Mjomba wako yuko wapi, mbona umekuja peke yako? Najibu huku nimeng'ata waya. Redio yake ya mezani ilikuwa na tundu la kutolea sauti, nikaipata njia hapo. Ule waya mdogo wa kuiwashia amplifaya nikaupitisha kwenye swichi ya taa.

"Hicho kidude karibu na betri cha nini?"

"Fyuzi, mjomba. Waya ukileta shida kinakatika chenyewe, nyumba haiungui."

"Wewe ulijuaje?"

Nikamwaga ukweli wote, moshi, kapeti, kiatu kimoja. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. Akamgeukia mama Felista: "Dada, huyu akiungua mara moja anajifunza."

Nikabonyeza swichi.

DUM! Vikombe kabatini vikaanza kulia. Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi, mabega yanacheza yenyewe. Mjomba kaweka kiganja juu ya boksi, kafumba macho.

"Ongeza."

"Mjomba, betri itaisha, jioni mtakaa gizani."

"Ongeza, bwana!"

Nikashuka mlima na karoti. Bezi sina, jibu sina, maana mzee hakusema ndiyo wala hapana. Wiki nzima nasubiri simu tu, nampenda yule binti jamani.

Juzi mchana nipo dukani, simu ya mjomba. Napokea, nasikia dudududu tupu. Yeye anapayuka, mimi napayuka, "Mjomba, punguza sauti!" Ikakatika.

Nikampigia Felista. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Amesema uje na mjomba wako, mpange siku. Ila boksi usiliulizie, limeshapokelewa."

Wakuu, nilirukaruka mule dukani mpaka mteja akasahau madaftari yake!

Nilichojifunza: fyuzi iwe karibu na betri, earth kwenye chuma kitupu, waya usiwe wa kubana matumizi. Na ukienda ukweni Mgeta, acha buti tupu.

Mliooa Uluguru, nipeni maujanja, mjomba wangu namwandaaje? Na mafundi, ile sabufa nyembamba ya kukaa chini ya siti inagonga kweli au ni jina tu? Naiwazia, ili karoti zipate nafasi.

Felista hajui. Atakayemwambia tutagombana.