Folda ya Ndunge Isiguswe

Ukimtaka Ndunge mwaka ule wa elfu mbili na saba, ulipanda ngazi hadi orofa ya pili ya jengo moja nyuma ya Mtaa wa Tom Mboya, ukamkuta dirishani, shali begani, miwani puani, anachapa bila kutazama vidole. Kazi yake ilikuwa wafu. Usicheke. Watu wa Kangemi, wa Mountain View, na hata wale wakubwa wa Muthangari wakifiwa, walimletea karatasi zilizoandikwa kwa mkono unaotetemeka, naye akawatengenezea programu ya mazishi: picha mbele, nyimbo nyuma, na katikati wasifu wa marehemu uliomfanya hata mlevi sugu aonekane mtu aliyependwa na jirani zake.

Alianza na taipureta chini ya ngazi za jengo hilohilo. Bwana Taib, mwenye ofisi, ndiye aliyemtoa pale akampandisha juu na kumpa kompyuta. Sasa ilikuwa miaka kumi na mitatu. Kwa vidole hivyo alikuwa amewasomesha watoto wawili, peke yake, katika chumba cha kupanga kule Riruta. Na ndani ya kompyuta ile alikuwa na folda aliyoiita, kwa herufi kubwa, NDUNGE USIGUSE. Haikuwa na kufuli. Yeyote ofisini angeweza kuifungua, na hakuna aliyethubutu. Hiyo ndiyo heshima aliyoijua Ndunge, na alijivunia.

Halafu akaja Nisreen.

Binti wa miaka ishirini na minne kutoka Mombasa, ana diploma ya kompyuta na kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Kila asubuhi aliingia na kusema, "Shikamoo, Mama Ndunge." Sasa niambie, Nairobi hii nani anaamkiana hivyo? Hapa salamu ni "sasa", ni "mambo", yamekwisha. Ndunge alihisi yule mtoto anamhesabia mvi. Alijibu "marahaba" kwa ncha ya ulimi. Chai aliyoletewa na Nisreen saa nne aliiacha ipoe, kisha akainywa akiwa hatazamwi na mtu.

Wivu ulikuwa unamla, tuseme ukweli. Zamani Bwana Taib akikwama aliita "Ndunge!" Miezi minne hii anaita "Nisreen!" Wateja nao, wale vijana wa kuchapa barua za kazi, walikuwa wanampita Ndunge kama kabati. Jioni nyumbani alimwambia dada yake Peres kwa simu, "Yule msichana ataniketia kwenye kiti changu, utaona." Peres alimwambia aache maneno. Hakuacha.

Mwishoni mwa Novemba Bwana Taib alikuwa anajiandaa kwenda Hija. Akatangaza kwamba Ijumaa atamkabidhi mmoja wao ufunguo wa ofisi, aisimamie mpaka atakaporudi. Hakumtaja. Miaka kumi na mitatu, na Ndunge hajawahi kuushika ufunguo ule hata kwa dakika moja. Ukienda kwa Nisreen, alijiambia, mimi narudi chini ya ngazi.

Jumanne Nisreen akaweka mfumo mpya kwenye kompyuta zote. Jumatano asubuhi Ndunge akakuta kioo kinang'aa kama sakafu ya benki, na kinamuuliza jina. Jina! Kompyuta yake mwenyewe! Zamani ulibonyeza kitufe ukaingia. Sasa kila mtu alikuwa na mlango wake, na msimamizi wa milango yote alikuwa nani? Nisreen. Ndunge akafungua folda yake, akataka kubadilisha jina la faili moja tu. Kompyuta ikakataa. Huna ruhusa, ikamwambia, mwite msimamizi aweke nywila.

"Ati sina nini?" Ndunge akapaza sauti.

Nisreen akaja mbio. "Samahani, Mama, ni huu mfumo mpya. Folda yako umeiweka ndani kabisa, pamoja na programu yenyewe ya kuchapia, na siku hizi mtu wa kawaida haruhusiwi kuandika humo. Nipe dakika kumi niihamishe, nikupe ruhusa zote."

"Mtu wa kawaida ni mimi?"

"Sivyo, Mama, nina maana..."

"Folda yangu haihamishwi. Ilikuwa hapo wewe ukivaa sare ya shule. Enda ufanye kazi yako."

"Lakini ukisevu humo, Mama..."

"Nimesema enda!"

Binti akaenda. Na haikupita saa moja simu ikalia. Alikuwa Jeremy, kifungua mimba wa Mzee Thuo wa Mountain View. Jumatatu alikuwa ameleta wasifu wa baba yake, na katika wasifu huo mzee alikuwa na mke mmoja tu, mama yake Jeremy, aliyekwisha kufariki. Mke wa pili, Waithera, hakuwemo, wala binti zake wawili. Ndunge alikuwa amechapa alivyopewa. Ya familia za watu huyaingilii. Lakini sasa wazee wa ukoo walikuwa wameketi na kumkaripia Jeremy mpaka akakubali.

"Ukurasa wa tatu, mathe," Jeremy akasema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa. "Weka Waithera na wasichana. Mazishi ni Ijumaa."

Ndunge akamweka, tena akamweka vizuri: mke mpendwa, aliyemuuguza marehemu hadi siku yake ya mwisho. Akabonyeza kuhifadhi. Kompyuta ikakubali bila hata kukohoa. Akafunga faili, akaifungua tena, na Waithera yumo.

"Nani alisema sina ruhusa?" akauliza hewani, akaangaza macho kuona kama Nisreen amesikia.

Alhamisi Nisreen akachapisha. Printa kubwa ilikuwa mezani kwake, naye alizivuta faili za Ndunge kupitia waya, kama ilivyokuwa desturi. Nakala mia tatu. Kazi ya Ndunge ilikuwa kukunja na kubana. Alipokunja ya kwanza, saa sita hivi, jicho lilimwangukia ukurasa wa tatu. Waithera hakuwemo.

Alitazama mara mbili. Akaenda kwenye kompyuta yake, akafungua faili, na Waithera yumo, na binti zake wote wawili. Basi yule mtoto amechapisha ya zamani! Moyo wa Ndunge uliruka kwa furaha, nakwambia, kama wa mtu aliyeokota kitu barabarani. Msomi amekosea! Programu ya mazishi, isiyo na jina la mjane, mkesha wa kukabidhiwa ufunguo! Angeweza kusema. Ilihitaji sentensi moja. Akarudi mezani, akaketi, akachukua kibanio, akaanza kubana. Alibana zote mia tatu, moja baada ya nyingine, na hakufungua mdomo.

Saa tisa mlango ukafunguliwa. Ndunge alimtarajia Jeremy, na ngurumo zake. Akaingia mwanamke mwembamba, kitambaa cheusi kichwani, viatu vina vumbi. "Nimetumwa programu za Mzee Thuo," akasema. "Mimi ni Waithera."

Nisreen akamwekea kiti, akampa nakala moja aangalie. Mwanamke akaipitishia mkono ile picha ya mbele. Akafungua. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari mpaka chini, kikarudi juu, kikashuka tena. Kisha akaifunga.

"Walisema wataniweka," akasema. Hakupaza sauti. "Si neno. Nimemwogesha miaka sita, sikufanya ili niandikwe. Ila wasichana wangu watauliza." Akasimama, akaanza kubeba boksi la programu.

Ndunge akainuka kitini. Hicho ndicho alichokuwa akikiogopa miezi minne, kufutwa mahali ulipotumika, na kumbe alikuwa amekibana kwa mikono yake mwenyewe mara mia tatu.

"Weka chini, mama," akasema, na sauti ikamtoka vibaya. "Uliwekwa. Mimi ndiye niliyekuweka. Nisreen, njoo, tafadhali. Njoo uone mashine yangu."

Nisreen akaja, akaketi kwenye kiti cha Ndunge. Vidole vilikimbia kidogo, vikasimama. "Hii hapa," akasema. "Mfumo ulijua huna ruhusa ya kuandika humo, Mama. Kubadilisha jina ulikukatalia wazi, lakini uliposevu kwa programu hii ya zamani, badala ya kukwambia, ukaificha nakala yako kando, unaiona wewe tu. Mimi kule naletewa ile ya Jumatatu." Akaihamisha folda, akaandika jina la Ndunge mahali pa ruhusa, akaweka alama kwenye kila kisanduku. Ilichukua dakika kumi kweli. Printa ikaanza upya.

Kisha Nisreen akaenda kwenye lile boksi la kwanza, akachukua nakala moja, akaitazama jinsi ilivyobanwa sawasawa.

"Hizi zote zimepita mikononi mwako, Mama. Hukuona?"

Ndunge angeweza kusema hapana. Waithera alikuwa pale, anangoja.

"Niliona," akajibu.

"Saa ngapi?"

"Saa sita."

Nisreen akamtupia Waithera jicho. Akairudisha ile nakala ndani ya boksi. Bwana Taib alipotoka ndani kuuliza kwa nini karatasi zinachapishwa mara ya pili, ni yeye aliyejibu, "Ni mfumo mpya, Bwana Taib. Umetuchanganya." Wakakunja na kubana pamoja zile mpya, wawili hao. Waithera aliondoka na boksi lake ilipokuwa saa kumi na moja, akiwashukuru wote wawili.

Ijumaa Bwana Taib akamwita Ndunge mbele ya watu, akamtia ufunguo mkononi. "Huu ni wako," akasema. "Jumatatu nilimuuliza Nisreen kama ataweza. Akaniambia hawezi kuushika ufunguo mbele ya mama yake."

Ndunge alisema asante. Nadhani alisema. Hakumbuki.

Jumamosi alifika mapema, akafungua mlango kwa mkono wake, akaketi dirishani na kufungua folda yake, ambayo sasa ilimkubalia kila kitu. Akasikia hatua kwenye ngazi. Akavua miwani, akageuza kiti kikaelekea mlangoni, na marahaba ikamjia mdomoni kabla hata mtu hajaingia, nzima, ya moyoni.

Nisreen akaingia, akatundika mkoba wake.

"Habari ya asubuhi," akasema, akaenda kuwasha printa.