Mahali Roboti Ilipokataa Kupita

Kufukuza ndege kwenye mpunga si kazi ya kuonewa gere. Unasimama juani Bugarama tangu asubuhi, unapiga debe, unapiga kelele, na ndege wanakucheka. Mukabalisa aliifanya kazi hiyo pamoja na mumewe, Cassien, mpaka radi ilipompiga Cassien juu ya tuta, karibu na mfereji, akafa palepale. Mukabalisa hakulia. Watu walimngojea alie, wakachoka, wakarudi kwao. Yeye mwenyewe alingoja, wapi.

Miezi ya kwanza kila mtu wa ushirika wa mpunga alipazunguka pale. Walishuka kwenye matope, wakapanda tena mbele, kwa sababu mahali radi ilipoua mtu hapakanyagwi hovyo. Halafu wakaja vibarua wapya, wakapita tu. Wa zamani nao, mzigo kichwani, wakaona kushuka topeni ni kujisumbua. Siwalaumu, mazoea yana taabu na mpunga ni mzito. Akabaki Mukabalisa peke yake, anashuka, anapanda, na kila jioni anafika barabarani pindo la kitenge limejaa tope.

Ndipo ikaletwa roboti. Ilikuwa na miguu minne na kimo cha mbuzi, ya kutembea juu ya matuta na kufukuza ndege. Aliyeileta, Gisa, mzaliwa wa Kamembe aliyesomea Kigali, alieleza kwamba kwenye sakafu ilikuwa hodari, lakini shambani leo ni pakavu, kesho ni maji, keshokutwa mpunga umeinuka umefunika kila kitu. Lazima ijifunze kwa kumfuata mtu anayejua kutembea humo. Ushirika ukamtoa Mukabalisa. Alisema sawa, kama alivyosema sawa kwa kila kitu mwaka ule.

Alitembea, ikamfuata. Mvua ikanyesha, akatembea. Jua likakausha, akatembea. Ilianguka, ikainuka, na polepole ikajua tope la kuzama na tope la juujuu. Ilipofika mahali pa Cassien ilishuka, ikazunguka, ikapanda, hata siku alipoiacha itangulie. Mukabalisa aliitazama. Hakufurahi, tusidanganyane, furaha ilikuwa mbali naye. Lakini sasa walikuwa wawili wanaopazunguka, na hilo lilimtosha.

Gisa hakuridhika.

"Maman, juu ya nini inakataa kupita hapa? Udongo iko nguvu."

"Acha izunguke."

"Ikizunguka inaanguka mu maji, na ndege banakula mpunga ya hapa. Kama weye hutaki, nitaita mwingine aifundishe."

Angeweza kumweleza. Gisa hakuwa kijana mbaya, angeelewa. Lakini kueleza kungetaka kitu fulani ndani yake kiamke, naye hakuwa na nguvu za kukiamsha. Aliwaza tu kwamba kama ni lazima ipite, heri ipite nyuma yake kuliko nyuma ya mtu asiyemjua Cassien.

Akapita. Alikanyaga palepale, akingoja moyo upasuke. Haukupasuka. Ulikuwa udongo tu. Nyuma yake roboti ilisita, ikageuka kushuka matopeni kama alivyoifundisha.

"Rudilia, Maman," Gisa akasema.

Akarudia. Akarudia mpaka jua likalegea, na roboti ikawa inapita moja kwa moja, haisiti tena. Gisa alimshukuru kwa mikono miwili, akaifunika roboti kwa turubai, wakaagana.

Mukabalisa akachukua debe lake, akashika njia ya nyumbani juu ya tuta lilelile. Aliwaza maharage aliyoyaloweka asubuhi, kama yangeiva upesi au yangemaliza makaa yote. Aliwaza pia kwamba chumvi imekwisha. Alipofika barabarani, ambako malori ya mpunga yanatoka kinuni, aliinama akung'ute tope kwenye pindo la kitenge kabla ya kuvuka, kama kila jioni.

Pindo lilikuwa kavu.

Alilishika mkononi, akalitazama. Safari hii hakuna aliyemwambia arudie. Alikuwa amepita juu ya mahali pa mumewe, akiwaza chumvi.

"Cassien, unisamehe," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu wamzike. Kisha akaweka debe chini kando ya barabara, akageuka, akarudi kulitafuta tope.