Fundi Makochi wa Kasri la Mawinguni

Fundi makochi wa mtaa ule alikuwa na jambo moja la kumringia seremala, jirani yake wa mlango wa pili: vitabu. Si kwamba alivisoma mwenyewe. Mikono yake ilikuwa na kazi tele ya kuvuta vitambaa na kugongomea misumari, kwa hiyo aliyemsomea kwa sauti ni mke wake, akiwa amekaa pale mlangoni mwa karakana nyuma ya meza yake ya nyuzi na vifungo. Watu walimwita Redio, na mwenye jina kama hilo hahitaji kuelezwa zaidi.

Redio alipenda hadithi za ajabu: wafalme wasiozeeka, farasi wanaosema, visiwa vinavyoelea angani. Na katika kila kitabu, jamani, alikuwemo fundi makochi. Mara anashona tandiko la joka, mara anamjazia mchawi mto wa kulalia. Maneno yake machache, lakini akifungua kinywa, wafalme wanamsikiliza. Kila alipojitokeza, mumewe aliweka nyundo chini na kuuliza, "Halafu fundi akasemaje?" Redio alipindua ukurasa polepole, kwa makusudi, mpaka mwenzake aanze kumsihi.

"Waandishi wanatuheshimu sana," fundi alimwambia seremala siku moja. "Kila kitabu cha maana kina fundi makochi. Seremala sijamsikia hata mmoja."

"Na hizo fremu za makochi zinaota shambani?" seremala akamjibu.

Kisha Redio akaugua koo, akafanyiwa upasuaji. Uvimbe ulitoka salama, lakini daktari alimkataza kutamka neno lolote, hata kunong'ona, mpaka amwone tena. "Sauti inaweza kurudi, inaweza isirudi," alisema. "Tungoje."

Karakana ikapoa. Fundi, aliyekuwa akilalamika kwamba mke wake anaongea hata usingizini, akagundua kwamba hajui kufanya kazi bila ile sauti. Misumari ilimpinda. Alikata kitambaa kifupi, akakata kingine kikawa kifupi vilevile. Tuseme ukweli, aliogopa. Aliogopa kwamba sauti ile imekwenda moja kwa moja.

Kitabu walikuwa wamekiacha patamu. Malkia wa kasri la mawinguni alikuwa na kiti cha enzi kinachomng'ata mwongo yeyote anayekikalia, na fundi makochi alikuwa ameitwa akikague. Basi alasiri moja mume akanawa mikono, akavaa miwani, akachukua kitabu. Redio akatikisa kichwa kwa nguvu, akataka kumpokonya.

"Tulia, mama. Leo zamu yangu."

Alisoma kwa kujikwaa kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Malkia akaita askari, askari wakakibeba kiti, wakakitupa mawinguni, sura ikaisha. Fundi akatazama mshono wa kitabu kuona kama kuna karatasi iliyong'oka. Hakuna. Akarudi nyuma, sura baada ya sura. Akakuta wapishi, wapiga tarumbeta, waosha farasi. Lo! Akakuta na seremala.

"Mbona fundi hayumo?"

Redio alikuwa ameinama juu ya vifungo, akivipanga upya ilhali vilikwisha kupangwa.

"Ni wewe?" fundi akauliza.

Akaitikia kwa kichwa, kwa aibu.

"Wote? Hata yule wa tandiko la joka?"

Hata yule.

Fundi akavua miwani. Miaka yote ile alikuwa akimpenda yule fundi wa vitabuni, akitamani angalau siku moja awe kama yeye, mtu ambaye akisema neno wakubwa wanatega sikio. Yeye, ambaye hata wateja wake wa mkopo hawamsikilizi! Kumbe ndivyo mke wake alivyomwona siku zote. Akakifunga kitabu taratibu, akakiweka mezani kati ya vifungo vya mke wake.

Kesho yake akaketi tena na kitabu. "Mwandishi huyu ni hodari wa mawingu," alisema, "lakini hajawahi kufungua kiti akaona ndani. Tumsaidie." Akakirudisha kiti kutoka kule kilikotupwa. Akamwingiza fundi na nyundo yake, na nyuma ya fundi akamwingiza mke wake, ambaye alikuwa akiongea mfululizo tangu kisiwa cha kwanza mpaka joka lenyewe likaomba kupumzika. Redio akacheka bila sauti, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka.

Tangu hapo kila alasiri fundi alisimulia kidogo, na kwa kuwa alikuwa amefunzwa na bingwa, alikatisha palepale penye utamu. Siku ya kurudi kwa daktari ilipofika, alikuwa amemwacha fundi wa kasri amekwisha kuchana kitambaa cha kiti cha enzi, ameingiza kichwa kati ya springi, ameona kilichofichwa humo, na sasa anamgeukia malkia amwambie.

Daktari akamulika koo, akatazama kwa muda mrefu, akazima taa yake.

"Haya, mama. Jaribu. Neno lolote."

Fundi alishika ukingo wa meza. Redio akameza mate. Hakumtazama daktari, alimgeukia mumewe, na sauti ikatoka, nyembamba, yenye mikwaruzo, lakini ni yake:

"Halafu fundi akasemaje?"