Leo Nimemlilia Mume Wangu Akiwa Mzima

Jamani, leo nimemlilia mume wangu akiwa mzima, na wazungu wakanipigia makofi.

Baba Zawadi na wenzake wa kazini hapa Birmingham wana kikundi cha kuigiza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Waingereza, vile vya zamani za wafalme. Leo wamepita njia ileile iliyopitwa na jeshi la mfalme, kutoka kilimani hadi uwanja wa vita, na mikuki mirefu kama nguzo za stima.

Mimi nimekaa pembeni na themosi yangu ya chai.

Kufika chini, wakaanza kufa. Baba Zawadi akaanguka vizuri, hata nikajivunia.

Kumbe amepewa mke!

Linda wa ofisini kwao, na gauni refu, akapiga magoti akamlaza kichwa mapajani. Akalia "hi hi hi", kama mtu mwenye mafua.

Nikavumilia.

Halafu akampapasa shavu.

Nikaruka kamba ya watazamaji. Mikono kichwani, nikalia vile tunalia kwetu Kakamega: "Uuuwi! Baba Zawadi, umeniacha na nani?"

Linda akahama mwenyewe. Jeshi zima likasimama. Mzee wa kupiga ngoma akavua kofia.

Marehemu akafungua jicho moja. "Mama Zawadi, pole pole, watu wanatuangalia."

"Wewe endelea kufa."

Semeni ukweli, nyinyi mngevumilia hilo shavu?

Maana kiongozi wao ameniomba nije kulia tena mwakani, na nimekubali.

Linda atashika themosi.