Maji ya Baiskeli

Kila Jumamosi, Bwana wa stesheni alipofunga ofisi ya simu, nilirudi nyumbani, nikavua kanzu, nikaipindua baiskeli yangu uani magurudumu juu, nikaanza kuiosha. Ilikuwa Gulwe, enzi ya Mjerumani, reli ikiwa bado mpya kiasi kwamba watu wa vijiji vya mbali walikuja kuketi kwenye tuta kuitazama tu. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, karani wa simu ya waya, mzaliwa wa Kondoa niliyesomeshwa pwani. Sasa nimepita arobaini, nimelala katika miji mingi kuliko ninavyoweza kuitaja kwa mpangilio, na bado mikono yangu inaikumbuka kazi ile.

Kwanza nilipukuta vumbi kwa ufagio wa nyasi. Vumbi la kule si la kupuliza likaondoka. Ni jekundu, laini kama unga uliosagwa mara mbili, na likikutana na mafuta linaganda kama udongo wa kufinyangia. Kwa hiyo baada ya ufagio yalikuja maji, ndoo nzima. Nilichovya tambara, nikapita kwenye fremu, kisha njiti za magurudumu, moja moja, juu hadi chini. Yaliyobaki niliyamwaga polepole katikati ya gurudumu, pale njiti zinapokutana, nikilizungusha mpaka yatoke bila wekundu. Kisha majivu na katani kwa usukani na kengele, na mwisho mafuta ya nyonyo kwenye mnyororo. Ikimalizika ilimeta hata mbuzi wakaipisha.

Siku moja Bwana alipita nyuma ya nyumba zetu, akasimama, akaitazama. Hakuwa mtu wa kusifu. Karani aliyenitangulia alichapwa viboko ishirini na tano kwa wino uliomwagika kitabuni. Lakini siku ile alisema, "Safi. Namna hii," akaenda zake. Nilikaa na maneno yale matatu kama mtu aliyepewa shamba.

Maji ya ndoo ile aliyachota mke wangu. Stesheni ilikuwa na tangi kubwa, lakini lilikuwa la gari moshi, na askari alisimama chini yake na bunduki. Watu tulikunywa ya mtoni, na mto wenyewe kuanzia mwanzo wa kiangazi ulikuwa mchanga mtupu. Wanawake walichimba mashimo mle mchangani, kina cha mtu mzima kusimama, wakaketi kusubiri maji yajikusanye chini, wakayateka kwa kata, kidogo kidogo. Mtungi mmoja ulichukua muda wa kusuka ukili wa mkeka mzima wa mtoto. Mke wangu alikuwa Mgogo, lakini si wa pale. Kwao kulikuwa upande wa Dodoma, nyuma ya kijiji cha Kikuyu, na Gulwe hakuwa na dada wala shangazi. Alikuwa na mimi, na wanawake wa kisima chake.

Jumamosi moja alitua ndoo mbele yangu, asiondoke.

"Karani," akasema. Aliniita hivyo nikimuudhi. "Leo adhuhuri ulitawadha kwa kitu gani?"

"Kwa mchanga. Maji yakiwa haba dini imeruhusu kutayamamu."

"Mungu wako anaridhika na mchanga. Chuma chako hakiridhiki?"

Nilicheka. Niliona ni utani mzuri, na Jumatatu nikamsimulia mpiga kengele wa stesheni, naye akacheka. Mke wangu hakucheka. Aliinama akagusa lile vumbi kwenye mnyororo, akalisugua kati ya vidole.

"Futa kwa tambara kavu. Vumbi ni vumbi tu. Ukilinywesha maji linakuwa tope, na tope linaingia ndani."

"Wewe baiskeli umesomea wapi?" nikamwuliza.

Akainuka, akaingia jikoni. Nami nikachovya tambara.

Baada ya hapo alianza kuchelewa mtoni. Alitoka alfajiri, akarudi jua likiwa utosini, halafu likiwa limepinduka. Nilimwuliza, akajibu kwamba maji yamezama. Nilimwamini, maana yalikuwa yamezama kweli. Alikonda. Alipunguza maneno, na mimi, niliyezoea kusoma nukta na mistari ya waya kutoka mbali, sikusoma kitu kilichokuwa kimelala kando yangu.

Siku ya mapumziko nikaamua kumfuata. Nilishuka ukingo wa mto nikawakuta wanawake kama kumi na wawili wameketi kuzunguka shimo, mitungi imepangwa kwa zamu. Mke wangu hakuwa miongoni mwao. Alikuwa amekaa peke yake mbali, chini ya ukingo, mtungi wake umesimama nyuma ya mitungi yote, na nyuma yake hakuna mwingine.

Mmoja aliniona, akapiga kigelegele cha dhihaka.

"Karani! Mke mdogo kaoga vizuri Jumamosi?"

"Mwambie aje achote mwenyewe," mwingine akadakia. "Si ana miguu ya mviringo? Atafika kabla yetu!"

"Na amepakwa mafuta ya nyonyo, ndiyo maana anang'aa. Huyu wetu hapa tazama alivyopauka!"

Wakacheka wakipigana mabegani. Bibi mmoja mzee, ambaye ndiye aliyeshika zamu za kisima kile, hakucheka. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanieleza bila ukali, kama mtu anavyomweleza mgeni njia.

"Maji ya mchangani ni ya koo na ya chungu, mwanangu. Anayetaka ya kuogeshea chuma hatumkatazi. Anachota sisi tukiisha."

"Tangu lini, bibi?"

"Tangu mavuno."

Yaani miezi mitatu. Miezi mitatu mke wangu alikuwa akiketi chini ya ukingo ule kusubiri masalio, na hakuniambia. Damu ilinipanda kichwani, sijui kwa aibu au kwa hasira, na nikafanya jambo la kipumbavu. Niliichukua kata yake, nikavua viatu, nikashuka shimoni.

Wanawake waliruka wakapiga kelele, wengine wakageuza migongo. Mwanamume hashuki kisimani pale, hilo nililijua. Nililojua kidogo ni kuchimba. Mwanamke huchimba mchanga kwa kuukwangua taratibu akizunguka, kuta zikabaki zimelala. Mimi nilipiga kata chini kama jembe. Upande mmoja ukakatika, ukashuka wote kwa mara moja, ukanifunika hadi magotini. Maji yaliyokuwa yamejikusanya tangu alfajiri yakapotea mchangani.

Hakuna aliyecheka tena. Mke wangu alikuja, akanipa mkono nitoke, akashuka yeye. Alichimba mpaka alasiri, wenzake wote wamesimama juu wakimtazama, na maji yaliporudi alimjazia kila mmoja mtungi wake kwanza.

Nyumbani alisema jambo moja tu. "Ulikuja kunisaidia, au ulikuja uonekane?"

Niliahidi kuacha. Nililishika neno langu kwa wiki mbili. Kisha Bwana akatangaza kwamba mkubwa wake wa reli anakuja kukagua stesheni, na kila kitu kiwe safi, hata vilivyo nyuma ya nyumba. Baiskeli ilikuwa imepauka kwa vumbi. Ningeweza kuifutia tambara. Ningeweza kuiingiza chumbani na kuifunika mkeka. Lakini nilizisikia zile sauti mbili kichwani, ya viboko na ya "Safi, namna hii," nami nikamwambia mke wangu, "Ndoo moja. Ya mwisho."

Akaenda, akarudi magharibi na ndoo imejaa, akaitua pale pale pake. Mkaguzi alipita siku ya pili akitazama reli na tangi, hakugeuza hata shingo upande wa nyumba zetu.

Keshokutwa yake, mke wangu alikuja stesheni na kikapu kichwani wakati wa gari la kwenda bara. Alisimama mlangoni pa ofisi.

"Nakwenda kwa baba."

"Utarudi lini?"

Gari lilikuwa limekwisha ingia na Bwana alikuwa nyuma yangu na saa yake mkononi. Alipanda. Kazi yangu ilikuwa kuipelekea stesheni ya mbele habari kwamba gari limetoka, nami nikaketi nikagonga habari ile kwa waya, herufi kwa herufi, kwa usahihi, mke wangu akiwa ndani ya gari hilo.

Mwezi mmoja ulipita. Nilipika mwenyewe, nikanunua maji kwa wapagazi. Ndipo mtu wa kwao akashuka kwenye gari na ujumbe wa baba mkwe. "Mzee anasema njoo mwenyewe. Binti atasema mbele yako, mara moja. Akikubali mnarudi wote. Akikataa, halazimishwi."

Niliomba ruhusa ya siku tatu. Niliipakia baiskeli garini, maana kutoka Dodoma hadi kwao kwa miguu ni mwendo wa nusu siku. Lakini nilipoipanda pale Dodoma haikufika mbali. Gurudumu la nyuma lilianza kulia, kisha likakaza, kisha likagoma kabisa. Nikaikokota hadi kwa fundi mmoja aliyekuwa na kibanda upande wa Makole.

Alilifungua gurudumu akalielekeza chini. Likatoka tope la rangi ya chai na mchanga laini mwekundu, na zile gololi za ndani hazikuwa gololi tena, zilikuwa vitu vilivyotafunwa.

"Nani anaiosha hii?"

"Mimi."

"Kwa maji?"

"Kila juma, mwaka wa pili huu."

Akatikisa kichwa. "Baiskeli si mtoto, bwana, haiogeshwi. Vumbi unalifuta kwa tambara kavu, unatia tone la mafuta, basi. Wewe umelipeleka tope ndani kwa mkono wako. Miaka miwili mizima umekuwa ukiiua."

Naona haya kuandika kwamba nilifurahi. Lakini nilifurahi. Niliiacha baiskeli pale pale kibandani, nikashika njia kwa miguu, na katika jua lile, kati ya miiba na vichuguu, nilikuwa nikiimba. Nilikuwa nimepata neno la kupeleka. Sikuwa naenda na ahadi tupu tena. Nilikuwa na ushahidi wa fundi.

Nilifika alasiri. Baba mkwe alinikaribisha kwenye kigoda, mbele ya nyumba yao ya tembe, akamwita binti yake. Alikuja akaketi chini kando ya baba yake. Alikuwa amenenepa kidogo, na ngozi yake imerudi. Hilo lilinichoma, lakini nikalipita.

"Sema, mkwe," mzee akasema. "Sisi tunasikiliza."

Nilisema vizuri. Nilisema sitaiosha tena maisha yangu yote. Nilisema nimemwonyesha fundi hodari wa Dodoma, naye amethibitisha kwamba vumbi linafutwa kwa tambara kavu, kwamba maji ni kosa, yanageuza vumbi kuwa tope na tope linaingia ndani na kula chuma. Kwa hiyo hakuna tena ndoo. Jambo limekwisha.

Mzee aligeuza uso kwa binti yake, kana kwamba na yeye ameona limekwisha.

"Nani amesema hivyo?" mke wangu akauliza.

"Fundi."

"Fundi." Alilirudia taratibu. "Mimi nilipokwambia, uliniuliza nimesomea wapi."

Niliona sasa maneno yake yakitoka kinywani mwa fundi, neno kwa neno, na jinsi nilivyoyabeba njia nzima nikiimba bila kuyatambua yametoka kwa nani.

"Na fundi angesema maji yaongezwe," akaendelea, bila kupandisha sauti, "leo ungekuja na habari gani?"

"Nisingekuja na habari hiyo."

"Ungekuja nayo. Ungesema, ndoo mbili."

Mzee alikohoa. "Binti yangu, anakuomba urudi. Unarudi?"

"Sirudi, baba."

"Umesikia, mkwe?"

"Nimesikia."

"Basi jua limekwenda. Ulale hapa, kesho uende."

Walinipa mahali pa kulala na chakula kizuri, na baba mkwe alizungumza nami habari za ng'ombe na za reli mpaka usingizi ukanichukua. Hakuna aliyenitukana. Natamani angalau mmoja angenitukana.

Asubuhi nilitoka nje kunawa uso. Mama mkwe wangu sikuwahi kumwona. Kwao, mama na mume wa binti yake hawatazamani. Nikija hujificha nyuma ya ukuta, na akiwa na neno hulisema kwa kupitia mtu mwingine, mimi nikiwa nimetazama chini. Ndivyo heshima ya ukwe inavyoshikwa, na jana yake ilishikwa hivyo hivyo. Basi nilipomsikia mwanamke akija kutoka upande wa zizi, niliinamisha kichwa na kusubiri apite.

Hakupita. Alisimama mbele yangu, uso wazi, na kibuyu cha maziwa mikononi.

"Mbukwa, mgeni," akanisalimu. "Umelalaje?"

Niliinua macho. Alikuwa na macho ya mke wangu, na kidevu chake, na ile namna yake ya kusimama mguu mmoja mbele. Nikampokea kibuyu kwa mikono miwili, nikamwitikia kama mgeni anavyoitikia, si kama mkwe.