Kopo la Tatu

Mume wangu Gaudens alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali, na mtihani wa ukarani alikuwa ameshaufeli mara mbili. Ukifeli ya tatu, basi, utabeba barua mpaka uzeeke. Kiingereza alikijua, ila kilimshinda kwenye maneno ya kuunganisha sentensi na alama zake.

Mwalimu mmoja wa masomo ya jioni akamwazima kitabu. Gaudens akanakili kila neno na alama zake kwenye vipande vya karatasi, akavigawa katika makopo matatu. La kwanza akina "but", watu wasio na makuu, mkato mmoja unawatosha. La pili akina "because": wakitangulia wanadai mkato, wakifuata hawadai kitu. La tatu ndilo lililomtoa jasho, akina "however" na "therefore", ambao kabla yao wanataka nuktamkato na baada yao mkato. Nikamwambia hao ni mabwana shauri, hawatembei bila askari mbele na nyuma. Alicheka sana.

Mimi sikusoma. Niliuza karanga sokoni Kariakoo, na karatasi za kufungia aliniletea yeye, makaratasi ya ofisini yaliyokwisha kazi. Vipande vyake alivikata humo humo. Jumamosi moja karatasi zikaniishia, nikaona kopo limejaa, nikadhani ni za kufungia, nikalibeba; kumbe ndilo lile la tatu. Kufika adhuhuri karanga zote zimekwisha.

Alipoliona kopo tupu hakugomba. Heri angegomba. Kitabu kilisharudi kwa mwalimu, mwalimu kahamishiwa Tabora, na mtihani ni Jumatatu. Nikarudi sokoni mbio, nikainama chini ya meza za watu nikiokota karatasi hadi kanga ikajaa. Akazikunjua moja moja: orodha za mafuta ya taa, maombi ya likizo. Yake ilikuwa moja tu, imelowa, wino umetawanyika.

"Acha, Mama Agnesi," akaniambia. "Nitaandika ninachokikumbuka."

Nilitamani kumsaidia japo kwa neno moja, na hilo neno sikuwa nalo. Niliuchukia ujinga wangu siku ile kuliko siku zote.

Majibu yalitoka baada ya miezi miwili. Barua za waliofaulu zilikuwa tano, yake haimo, na wa kuzipeleka ni yeye, tarishi. Alizisambaza zote kwa baiskeli, Mchafukoge mpaka Magomeni, akatoa pongezi kila mlango. Aliporudi aliomba maji ya kunawa. Nilimmiminia, nikashindwa kumtazama usoni.